Siku Sita za Sifa, Siku Moja ya Hukumu



Wahenga wetu walisema kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Hubadili uso, hupunguza chakula sahanini, na mgeni mwenye akili hufunga mzigo wake akaenda zake. Lakini ziko siku ambapo mtu huambiwa toka waziwazi, mbele ya waandishi wa habari, na maneno ya kumtoa yakapambwa kwa sifa. Tumeona vema kutafakari pamoja nanyi tukio moja la namna hiyo. Lilitokea mbali nasi, katika mchezo ambao wengi wetu hatuujui, lakini maneno yaliyosemwa siku ile yanagusa haki ya kila mtu aishiye kwa kazi yake.

Yaliyotokea

Tarehe 30 Novemba 2004, Chuo Kikuu cha Notre Dame kilichoko Indiana, nchini Marekani, kilimwachisha kazi kocha mkuu wa timu yake ya mpira wa Kimarekani, Bwana Tyrone Willingham. Mchezo huo si mpira wetu wa miguu. Mpira wenyewe una umbo la yai, nao hushikwa kwa mikono na kukimbizwa kuelekea mwisho wa uwanja wa wapinzani. Wachezaji wa vyuo ni wanafunzi, na wakati ule hawakulipwa mshahara bali walipewa ufadhili wa masomo. Hata hivyo mambo yanayouzunguka mchezo huo ni makubwa. Uwanja wa Notre Dame ulikuwa ukichukua watazamaji wapatao 80,000, na tangu mwaka 1991 mechi za nyumbani zilikuwa zikirushwa na kituo cha televisheni cha taifa kwa mkataba maalumu.

Chuo hicho ni cha Kikatoliki. Kilianzishwa mwaka 1842 na padre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika ambalo wamisionari wake walifika Uganda mwaka 1958, na mmoja wao, Vincent McCauley, akawa Askofu wa kwanza wa Fort Portal. Kwa hiyo hatuchungulii nyumba ya mtu baki. Tunazungumza habari za nyumba ya ndugu, na ndugu huambiana ukweli.

Aliyetangaza uamuzi huo ni mkurugenzi wa michezo wa chuo, Bwana Kevin White. Alisema kwamba tangu Jumapili hadi Ijumaa kazi ya kocha ilivuka matarajio yote, kwa kila namna. Lakini siku ya Jumamosi, akaongeza, timu ilikuwa imetaabika: ilipanda, ikashuka, tena ikaenda kombo. Akaeleza kwamba uwanjani haikupatikana hatua iliyotakiwa ili kuirudisha timu katika safu ya vyuo vilivyo bora kabisa katika mchezo huo. Katika Marekani mechi za vyuo huchezwa Jumamosi. Hivyo maana ya maneno yake ilikuwa wazi kwa kila msikilizaji: kwa siku sita mtu huyu amefanya vema kupita tulivyotumaini, na kwa ajili ya siku ya saba tunamwondoa.

Tulivyoyasikia maneno hayo

Kwanza tumpe msemaji haki yake. Hakumchafulia mtu jina. Mara ngapi tumeona mwajiri akimfukuza mfanyakazi, kisha akatafuta kosa la kumbandika ili uamuzi wake uonekane wa haki? Mtunza hazina huondolewa, na kesho yake minong'ono ya wizi huzagaa kijiji kizima bila ushahidi wowote. Bwana White hakufanya hivyo. Alimtaja aliyeondoka kwa heshima, na jambo hilo si dogo.

Lakini sifa zile zilikuwa na uzito ambao pengine msemaji hakuukusudia. Chuo cha Kikristo husema kwamba kipo kwa ajili ya kumlea kijana: masomo yake, tabia yake, nidhamu yake, heshima yake kwa wenzake. Hayo yote ndiyo kazi ya siku sita. Mkurugenzi akakiri hadharani kwamba katika hayo kocha alivuka matarajio. Basi kama siku sita zenye kazi ile ambayo chuo hujivunia haziwezi kumwokoa mtu na siku moja ya michezo, kipimo cha kweli kilikuwa kipi? Hapa lugha yetu inatusaidia kuelewa. Waswahili huanza kuhesabu siku za juma kwa Jumamosi, siku ya mosi. Kwa maneno yake mwenyewe mkurugenzi alionyesha kwamba hata kule Jumamosi ndiyo ya mosi, na siku nyingine zote hufuata nyuma yake.

Hatusemi kwamba kocha asiondolewe kamwe. Aliyeajiriwa kufundisha timu ana wajibu wa kuifundisha ishinde, na mshahara wa kocha wa aina hiyo ni mkubwa kupita wa walimu wengi. Hatusemi pia kwamba matokeo yalikuwa mazuri. Chuo Kikuu cha Southern California kiliifunga Notre Dame kwa tofauti ya pointi 31 mwaka 2002, tena 31 mwaka 2003, tena 31 mwaka 2004. Kipigo hicho cha tatu kilitangulia kufukuzwa kwake kwa siku tatu tu. Wapenzi wa timu, ambayo wakati ule ilikuwa haijatwaa ubingwa wa taifa tangu mwaka 1988, walikuwa na sababu ya kusikitika. Swali letu ni moja: je, alipimwa kwa kipimo kilekile walichopimwa wenzake?

Mawe mawili ndani ya mfuko

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati, inamkataza mfanyabiashara kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Katazo hilo halikuwa la sokoni peke yake. Tuangalie basi mawe yaliyotumika hapa.

Bwana Gerry Faust aliifundisha timu hiyo tangu mwaka 1981 hadi 1985. Alishinda mechi 30, akashindwa 26, akatoka sare moja. Alipewa misimu 5. Bwana Bob Davie aliifundisha tangu mwaka 1997 hadi 2001. Alishinda mechi 35, akashindwa 25. Naye alipewa misimu 5. Bwana Willingham alianza msimu wa 2002 kwa kushinda mechi 8 mfululizo, akaumaliza akiwa ameshinda 10 na kushindwa 3. Mwaka 2003 alishinda 5 na kushindwa 7. Mwaka 2004 alishinda 6 na kushindwa 5. Jumla ni ushindi 21 na kushindwa 15. Mwenye kupenda hesabu apige mwenyewe: Davie alishinda mechi 7 katika kila 12, na Willingham vilevile alishinda 7 katika kila 12. Kiwango ni kilekile. Mmoja alipewa miaka mitano, mwingine mitatu.

Yupo aliyeliona jambo hilo kutoka ndani ya nyumba yenyewe. Padre Edward Malloy, aliyekuwa rais wa chuo tangu mwaka 1987 na ambaye alikuwa karibu kumaliza muda wake, alisema hadharani siku chache baadaye kwamba hakukubaliana na uamuzi ule. Alidhani chuo kingeshika desturi yake ya kumpa kocha miaka mitano aonyeshe uwezo wake. Akasema kwamba katika miaka yake yote ya uongozi zilikuwapo siku mbili tu alizoona haya kuwa rais wa Notre Dame, nazo zilikuwa siku zile za kufukuzwa kwa kocha. Si rahisi kiongozi kusema hivyo juu ya nyumba anayoiongoza. Alisema, na tunamheshimu kwa hilo.

Liko jambo lingine lisilofaa kufunikwa. Bwana Willingham alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa mchezo wowote katika chuo hicho. Wakati ule makocha wakuu weusi katika ngazi ya juu ya mpira wa vyuo, yenye vyuo zaidi ya 100, hawakufika hata kumi. Sisi hatusomi mioyo ya watu; kazi hiyo ni ya Mungu. Lakini mtu wa kwanza kufunguliwa mlango anapokuwa pia wa kwanza kupunguziwa muda, wenye nyumba hawawezi kustaajabu watu wakiuliza. Kusema kwamba hatukukusudia ubaguzi hakutoshi. Anayetaka asishukiwe kuwa na mawe mawili mfukoni hana budi kuutoa mfuko nje watu wauone.

Baada ya hapo

Kocha aliyefuata, Bwana Charlie Weis, aliongezewa mkataba wa miaka kumi mnamo Oktoba 2005, akiwa amecheza mechi 7 tu na kushinda 5. Mwaka 2009 naye akaachishwa, akiwa ameshinda 35 na kushindwa 27, yaani kiwango cha chini kidogo kuliko cha yule aliyefukuzwa kabla yake. Chuo kikaendelea kumlipa kwa miaka kadhaa, na jumla ya malipo hayo ilikaribia dola milioni 19. Ukweli unatudai tuseme pia kwamba Bwana Willingham mwenyewe hakufanikiwa alikokwenda baadaye: katika Chuo Kikuu cha Washington, tangu mwaka 2005 hadi 2008, alishinda mechi 11 tu na kushindwa 37. Hilo halibadili hoja yetu. Haki ya mwaka 2004 haipimwi kwa matokeo ya mwaka 2008. Mtu hudai haki kwa sababu aliahidiwa, wala si kwa sababu ana hakika ya kushinda kesho.

Na subira ina matunda yake. Mwezi Desemba 2021 chuo hichohicho kilimpa kazi Bwana Marcus Freeman, ambaye baba yake ni Mmarekani mweusi na mama yake ni Mkorea. Septemba 2024 timu yake ilifungwa nyumbani na Northern Illinois, chuo ambacho hakikutarajiwa kabisa kushinda. Hakufukuzwa. Januari 2025 timu ileile ilicheza fainali ya ubingwa wa taifa.

Mnakumbuka mfano wa mtini katika Injili ya Luka. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu akitafuta matunda asiyapate, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia mbolea. Mti wa Notre Dame ulikuwa umezaa mwaka wake wa kwanza. Palikosekana mtunza shamba mwenye sauti ya kutosha.

Kwetu sisi

Tungekosea kama tungefunga kijikaratasi hiki tukiwa tumewahukumu watu wa mbali. Sisi nasi tunaajiri. Parokia ina katekista, ina katibu, ina mpishi wa misheni, ina walimu wa chekechea, ina mlinzi wa usiku. Wengi wao hawana mkataba ulioandikwa, wala hakuna televisheni itakayowauliza wenye mamlaka kwa nini wameondolewa.

Tuchukue katekista. Anazunguka vigango kwa baiskeli, anawafundisha wakatekumeni, anazika wafu padre akiwa mbali, anapatanisha wanandoa. Kisha sadaka za Dominika zinapungua, au mchango wa jengo haukutimia, na halmashauri inaketi kutafuta mtu mwenye uwezo zaidi. Siku ya kumwaga tunamsifu sana: amelitumikia Kanisa kwa moyo, Mungu amlipe. Na sisi tusimlipe? Huko ndiko kuwa na Jumamosi yetu, ingawa sisi tunaiita bahasha. Baba Mtakatifu Leo wa XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, na Yohane Paulo wa II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, walitufundisha kwamba mtu hathaminiwi kwa faida anayoleta peke yake, kwa kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei na wajumbe wa halmashauri mambo matatu. Kwanza, mtu aambiwe siku anapoajiriwa atapimwa kwa nini na kwa muda gani, na yaandikwe. Pili, muda aliopewa aliyemtangulia apewe na yeye, awe ni wa kabila letu au la wengine, mwenyeji au mgeni, mwanamume au mwanamke. Tatu, ikilazimu aondoke, aambiwe sababu ya kweli uso kwa uso na alipwe haki zake zote, ndipo sifa zifuate.

Siku iliyofuata kufukuzwa kwake, Bwana Willingham alisimama mbele ya waandishi. Hakulaumu mtu. Alisema kwamba hakuwa ametimiza matarajio yake mwenyewe, na asiyetimiza matarajio yake hujiweka chini ya matakwa ya wengine. Aliyefukuzwa alijipima kwa ukali mbele ya watu wote. Waliomfukuza walikuwa na deni la kufanya vivyo hivyo. Nasi, kabla ya kikao kijacho cha halmashauri, tulilipe la kwetu: mwenyekiti na afungue daftari la walioondolewa kazini miaka hii, tusome jina moja moja, tuulize kila mmoja alipimwa kwa jiwe gani.