Tuache Kuwalilia Wanawake wa Kidalit

Kila nikitaja vitabu vya wanawake wa Kidalit wa India, wale ambao mfumo wa matabaka uliwaita "wasioguswa", napewa jibu lilelile: "Aisee, vinasikitisha." Basi, mjadala umefungwa. Jamani, ndivyo tunavyosoma? Mtu kaandika kitabu kizima kuishtaki jamii, sisi tunampa pole kama tuko msibani.

Mchukueni Baby Kamble wa Maharashtra. Kitabu chake, *Jina Amucha*, kilitoka 1986, na jina hilo la Kimarathi ni kama kusema "Maisha Yetu". Yetu, sio yangu. Anawashtaki watu wa tabaka za juu walioishi kwa jasho la Wamahar huku wakiogopa hata kivuli chao. Halafu anageukia nyumba za Wamahar wenyewe: mkamwana aliyetoroka mateso ya ukweni akarudishwa na kufungwa gogo mguuni, mke aliyekatwa pua kwa sababu mume kajazwa maneno. Mtu anayejililia tu hafanyi hivyo. Huyu anapima, anachagua, kisha anataja wahusika, wa kwake wakiwemo.

Tena maandishi hayo aliyaficha nyumbani kwa takriban miaka 20, mumewe asiyaone. Kipigo alichokipata yeye mwenyewe kwa mume huyo hakimo kitabuni. Alikisimulia baadaye, kwenye mahojiano na mfasiri wake, Maya Pandit. Kwa nini hakukiandika? Kwa sababu alitaka hadithi iwe ya watu wake wote. Huo ni uamuzi wa mwandishi. Mnaousifia mtindo wa riwaya, mbona huu hamuuoni?

Eti "ushuhuda sio fasihi". Haya, msomeni Bama. *Karukku* ya 1992 imechukua jina kutoka kwenye majani ya mvumo, yenye kingo kama msumeno. Kaiandika kwa Kitamil cha mtaani kwao, sio kile cha wasomi. Anasimulia alivyokuwa mtoto wa shule akamwona mzee wa watu amebeba kifurushi cha vitafunwa kwa ncha ya uzi, akacheka. Kaka yake ndiye aliyemweleza: mzee anampelekea bwana wa tabaka la juu, asikiguse kikanajisika. Kicheko kikaisha, ikabaki hasira. Uzi mmoja tu, na mfumo mzima unauona. Baadaye alijiunga na watawa wa Kikatoliki, akaukuta ubaguzi uleule huko ndani, akatoka.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Katiba ya India, iliyoanza kutumika 1950, ilipiga marufuku ubaguzi huu wa kutoguswa. *Karukku* ilitoka miaka 42 baadaye. Sheria ilishaandikwa, kifurushi kikaendelea kuning'inia kwenye uzi. Ndiyo maana huruma peke yake inanikera: inampa msomaji nafasi ya kujiona mwema bila kumuuliza mtu yeyote swali.

Kwa hiyo siku nyingine mtu akikwambia vitabu hivi vinasikitisha, muulize: vinamshtaki nani, na kwa kosa gani? Akishindwa kujibu, mrudishie kitabu mkononi. Bado hajakisoma.