Pikipiki Nzito Huinuliwa kwa Mguu, Si kwa Mgongo

Mfanyakazi hana mtaji mkubwa kuliko mgongo wake. Mgongo ukiteguka, zamu ya kazini haiendi, ndoo ya maji haibebwi, na mtoto akilia hana wa kumnyanyua. Hata hivyo, wapo wengi ambao huuhatarisha mgongo huo kila jioni uani kwao, wanapoisimamisha pikipiki ya zamani juu ya stendi yake ya kati.

Pikipiki za namna hiyo bado zimo majumbani mwetu, aghalabu zikiwa urithi wa baba au babu. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ina uzito wa takriban kilo 100. Honda CB750, iliyotoka mwaka 1969, ina zaidi ya kilo 200. Mwenye pikipiki huhitaji stendi ya kati ili gurudumu la nyuma liwe huru anapokaza mnyororo au kuziba pancha, na ili chombo kisimame wima anapopima oili. Lakini wengi, baada ya kuhangaika mara mbili tatu, huiegemeza ukutani na kuiacha hapo.

Kosa letu ni kudhani kwamba stendi hushindwa kwa nguvu za mikono. La hasha. Stendi ya kati ni nyenzo, kama ile tuliyofundishwa shuleni. Miguu yake miwili iliyogusa ardhi ni egemeo, na kile kikanyagio kilichojitokeza kushoto ni mahali pa kuweka uzito wako. Uzito huo ukishuka, pikipiki hupanda huku ikirudi nyuma kidogo.

Basi fanya hivi. Tafuta mahali palipo sawa na pagumu. Udongo laini humeza miguu ya stendi. Vaa viatu, si kandambili. Shusha mizigo yote iliyo kwenye keria, zima injini, uondoe gia. Simama upande wa kushoto ukiielekea pikipiki. Mkono wa kushoto ushike usukani, nao uwe umenyooka. Mkono wa kulia ushike chuma cha nyuma ya kiti au fremu iliyo chini yake. Usishike breki hata kidogo, kwa maana gurudumu lililofungwa halitarudi nyuma.

Sasa shusha stendi kwa mguu wa kulia, kisha isimamishe pikipiki wima. Itikise taratibu hadi uisikie miguu yote miwili ya stendi ikigusa ardhi. Hapa ndipo wengi hushindwa: mguu mmoja ukigusa na mwingine ukabaki hewani, pikipiki itapinda na kukulemea. Ukiwa na hakika, nyoosha mgongo, panda juu ya kikanyagio kwa uzito wako wote kama mtu anayepanda ngazi, na mkono wa kulia uiongoze pikipiki juu na nyuma. Aliyejizoeza, hata akiwa na kilo 60 tu, ataisimamisha pikipiki inayomzidi uzito mara tatu. Kwa hiyo kazi hii si ya wanaume peke yao. Mama na binti wataiweza vilevile. Siku za kwanza, mwenzako asimame upande wa kulia kuizuia isiangukie huko.

Ikiwa pikipiki yakataa, usiongeze nguvu, bali tafuta sababu. Tairi lenye upepo mdogo na shokapu zilizochoka huishusha pikipiki, nawe ukalazimika kuinua zaidi. Maungio ya stendi yaliyoshika kutu yahitaji kusafishwa na kupakwa grisi. Tatizo likiendelea, chukua kipande cha ubao chenye unene wa sentimeta mbili, uliviringishe gurudumu la nyuma juu yake, na miguu ya stendi ibaki chini ya ubao, sakafuni. Utaona tofauti mara moja.

Kuiteremsha nako kuna utaratibu wake. Kama ipo stendi ya pembeni, ifungue kwanza. Nyoosha usukani, sukuma mbele kwa mikono miwili, na gurudumu la nyuma likishagusa chini ushike breki ya mbele. Kisha tazama kama stendi imerudi juu kabisa. Springi iliyolegea huiacha ikining'inia, na stendi inayokwaruza barabara kwenye kona yaweza kumwangusha mwendeshaji pamoja na abiria wake.

Jambo la mwisho ni watoto. Gurudumu linalozunguka hewani huwavutia sana, na mnyororo haubagui kidole. Usiwashe injini pikipiki ikiwa juu ya stendi huku watoto wakicheza karibu, wala usiwaache waipande. Na pikipiki ikianza kuanguka upande usio wako, iachilie. Taa na kioo hununuliwa dukani. Uti wa mgongo hauuzwi popote.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutautazama mnyororo: namna ya kuupima, kuukaza na kuutia mafuta, pikipiki ikiwa imesimama salama juu ya stendi yake.