Jibu la Haraka, Folda Siyo

Nimepotea kidogo, shifti za usiku zimenibana. Leo sina picha za theluji wala habari za bei ya ndizi huku Uingereza. Leo nina ugomvi, na wewe mdogo wangu uliyeko Morogoro kaa vizuri, unakuhusu.

Mnajua bili zote za nyumbani naziweka kwenye kompyuta. Folda moja ni ya dawa za Mama, nyingine ya ada za watoto. Dogo aliniandikia kijiprogramu kinachojumlisha bili za folda niliyomo. Kwa kuwa bili ziko kwenye hifadhi ya mtandaoni, kilichukua dakika nzima. Akaniambia nikitumie pamoja na bkt, programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo waandishi wa programu wanaweza pia kuiingiza ndani ya kazi zao. Ukitoa amri, inaitekeleza mara ya kwanza na kulihifadhi jibu. Ukirudia amri hiyo kabla muda haujaisha, inakupa jibu lilelile papo hapo. Usipotaja muda ni sekunde 60. Sisi tuliweka saa 1.

Basi siku moja nikajumlisha ada, nikahamia folda ya Mama, nikajumlisha tena. Jibu likaja kufumba na kufumbua. Nikatuma hela. Siku ya tatu Mama ananiambia kwa upole kwamba dawa za presha amenunua nusu, hakutaka kunisumbua. Kumbe nilituma kiasi cha ada, ambayo mwezi ule ilikuwa ndogo! bkt inalitambua jibu kwa maneno ya amri tu. Folda uliyomo haiiangalii mpaka uiambie kwa kuongeza --cwd.

Dogo akajibu: "Dada, mbona imeandikwa kwenye maelekezo?" Kweli imeandikwa, sikatai. Akaongeza kuwa amri nyingi hazijali folda, kwa hiyo kuiangalia kila mara kungepoteza ile haraka tunayoitafuta. Hilo nalo nakubali. Ukiuliza pauni moja ni shilingi ngapi, folda haihusu.

Lakini tupime hasara. Programu ikizidisha tahadhari, mimi nasubiri dakika moja. Ikizidisha haraka, Mama anakosa dawa. Hizo hazilingani hata kidogo!

Wodini, kabla sijampa mtu kidonge, namuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha nasoma bangili yake ya mkononi. Hata kama nimemuuguza wiki nzima. Hatuendi kwa "kitanda namba 4", maana kitanda ni kilekile ila mgonjwa hubadilika. Na kukagua si jambo la kuombwa na mwenye kusoma maelekezo. Ndiyo kawaida ya kazi. Anayetaka kuruka hatua ndiye ajieleze.

Basi nanyi mnaotengeneza programu, fanyeni hivyo. Folda ihesabiwe tangu mwanzo, na mwenye haraka ndiye aandike kuwa haihitaji.

Kwangu --cwd imeshawekwa na Mama ametumiwa salio lake. Mama, siku nyingine dawa zikipungua sema siku hiyohiyo, hunisumbui. Na wewe Dogo, nasubiri utetezi wako.

Wasalaam, tuko pamoja.