Stempu za Mengo na Dharau Isiyo na Hoja

Mwandishi mmoja ametuarifu kwamba stempu za awali za Uganda ni vijikaratasi vya taipureta tu, kwamba tofauti zake ni uzembe wa mmisionari, na kwamba mwenye akili timamu atakusanya za Marekani. Sisi wa Nsambya, majirani wa Mengo zilikozaliwa, hatuna budi kumjibu.

Ati hazina hadhi kwa kuwa hazikutoka katika matbaa ya serikali? Basi na azitupe pia zile za St. Louis, Missouri, za mwaka 1845, alizozitoa mkuu wa posta wa mji ule kabla serikali ya Marekani haijatoa zake mwaka 1847, na ambazo bamba lake lilikwanguliwa ili senti 5 igeuzwe 20. Kukwangua bamba Missouri ni historia tukufu, kurekebisha thamani kwa kalamu Mengo ni uzembe: hiyo ni insafu gani?

Kichekesho kikubwa ni dai kwamba yeyote mwenye taipureta aweza kuzighushi. Kasisi Ernest Millar, mmisionari huyo aliyeanza kuzipiga Machi 1895 kwa thamani za kauri, ambazo 200 zilikuwa rupia moja, alianza na stempu pana, kisha akazibana, kisha akapata mashine ya herufi nyembamba, hatimaye utepe wa zambarau. Mghushi hana budi kuoanisha mashine, upana, wino, karatasi na tarehe ya muhuri. Akikosea kimoja, amefedheheka. Tofauti hizo anazozidharau bwana huyu ndizo zinazomnasa mwongo, naye azipuuzaye ndiye wa kwanza kuuziwa bandia.