Mpiganaji Asiye na Ulimi

Anayetaka kumjua shujaa anayetukuzwa na zama fulani na awatazame vijana wa zama hizo wakimuumba mchezoni. Mchezoni hakuna mtihani wala msahihishaji; kila mtu huchagua kile ambacho moyo wake unakitamani. Ndiyo maana upuuzi unaofanywa leo katika kumuumba mpiganaji wa kubuni si jambo la kupuuzwa kwa hoja kwamba ni mchezo tu. Wanaocheza wanajifundisha namna ya kuwaza ushujaa ni nini, na somo wanalojifundisha ni baya.

Mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Watu wachache huizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia hubuni mhusika wake, akamsemea na kumtendea katika kisa kirefu kinachoweza kuendelea kwa miezi. Mhusika huandikwa karatasini kwa sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba. Kila sifa hupewa tarakimu yake, na penye shaka dadu ndiyo huamua. Hapo mwanzo aina za wahusika zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Aina zimeongezeka tangu hapo, lakini mpiganaji wa ana kwa ana, yule anayesimama mbele na kupokea mapigo, amebaki kuwa nguzo ya mchezo.

Tazama basi jinsi nguzo hiyo ilivyochongwa. Katika toleo la tatu la mwaka 2000, mpiganaji alipewa kiwango cha chini kabisa cha alama za kujifunzia stadi, na stadi zilizohesabiwa kuwa zake zilikuwa kukwea, kuruka, kuogelea, kupanda farasi, kumudu wanyama na kazi ya ufundi. Kusikiliza hakukuwamo. Kutazama kwa makini hakukuwamo. Kusuluhisha hakukuwamo. Toleo hilo liliporekebishwa mwaka 2003, mpiganaji aliongezewa stadi moja, nayo ni kutisha. Mwaka 2014 aliruhusiwa kuchagua umakini na utambuzi wa nia za watu. Ushawishi, yaani uwezo wa kumgeuza mtu kwa maneno, haukuingia katika orodha yake hadi mwaka 2024. Miaka hamsini ilipita kabla ya mpiganaji kuruhusiwa kuwa na ulimi kwa haki yake mwenyewe.

Wachezaji nao wameikuza kasoro hii badala ya kuitibu. Ushauri unaorudiwa kwa kila mgeni ni ule ule: tarakimu kubwa zote zitiwe katika nguvu na ustahimilivu, zile ndogo zitupwe katika akili na haiba, kama mtu anayetupa maganda baada ya kula. Kisha mpiganaji avishwe deraya ya chuma kutoka shingoni hadi vifundoni na apewe upanga mkubwa kuliko wote anaoweza kuununua. Huyo huitwa mpiganaji aliyejengwa vizuri. Kwa hakika huyo ni nyundo iliyopewa jina la mtu.

Na achukuliwe mpiganaji huyo, apandishwe milima ya Pare. Mji wa Same umekaa chini, kwenye tambarare kavu ambako barabara kuu ya Moshi na Dar es Salaam hupita, na abiria wengi huiona milima kupitia dirisha la basi bila kujua kilichomo. Kaskazini kuna Ugweno na Usangi. Kusini milima hupanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, penye msitu wa ukungu. Kati ya tambarare na msitu kuna njia nyembamba, mashamba yaliyoshikilia mteremko, mifereji, na mabwawa madogo yanayoitwa ndiva, ambamo maji hukusanywa na kufunguliwa kwa zamu. Deraya kamili ya mchezo huu ina uzito unaozidi kilo 20. Aliyeivaa atafika nusu ya mlima akiwa hana pumzi ya kupigania. Upanga mkubwa unahitaji nafasi ya kuzungusha mikono, na njia ya mlimani haina nafasi hiyo. Mkuki ndio unaofaa: humzuia adui akiwa mbali, huhitaji njia nyembamba tu ili kazi yake iwe kubwa, na mwenye nao hujiegemeza anapopanda. Lakini kanuni za mchezo zimeuweka mkuki katika daraja la silaha za kawaida, zile za kila mtu, na upanga katika daraja la silaha za wapiganaji wa kweli. Daraja hilo lina harufu ya makabaila wa Ulaya. Halikuandikwa na mtu aliyepata kufikiria mteremko.

Lipo swali jingine ambalo karatasi ya mchezo hailiulizi: chuma kimetoka wapi? Katika mchezo, silaha hununuliwa dukani kwa sarafu za dhahabu. Katika Ugweno, chuma kilikuwa na ukoo. Washana ndio waliokuwa wafuaji. Mchanga mweusi wenye chuma ulikusanywa katika vijito, ukayeyushwa kwa mkaa na mivukuto, bonge likatolewa, likapigwa hadi mavi ya chuma yakamtoka, ndipo likawa jembe, shoka au mkuki. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa miongoni mwa walionunua chuma cha Upare. Kwa hiyo nyuma ya kila aliyeshika mkuki walikuwapo wachoma mkaa, wakusanya mchanga, wavuta mivukuto na mhunzi mwenye miiko yake. Mpiganaji asiyejua ni nani aliyemfulia mkuki, na anamdai nini, hajaumbwa bado, amevikwa tu.

Tena historia ya Ugweno inawasuta wanaodhani kwamba mwenye chuma ndiye mwenye ushindi. Isaria Kimambo, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, anaeleza jinsi Washana walivyotawala Ugweno, na jinsi Wasuya wakiongozwa na Angovi walivyowapindua, tukio linalokadiriwa kuwa la karne ya 16. Waliopinduliwa ndio waliokuwa na ufundi wa silaha. Waliopindua walikuwa na jambo ambalo tanuri halilitoi: makubaliano ya watu. Na baada ya Angovi, mwanawe Mranga anakumbukwa kwa kupanga upya utawala, mabaraza na jando. Hakumbukwi kwa idadi ya vichwa alivyokata.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote uko Same kwenyewe. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia, watawala wa Upare chini ya serikali ya Kiingereza walileta kodi ya viwango, iliyopewa jina la mbiru, jina lililochukuliwa katika ada za kale. Kila mtu angekadiriwa mali yake na kulipa kwa kadiri hiyo, na wakadiriaji wenyewe ndio hao watawala. Wapare hawakukataa kulipa kodi ya kichwa waliyoizoea. Walichokataa ni kukadiriwa bila haki. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1946 wanawake nao waliingia katika upinzani huo kwa nguvu. Mwishowe serikali ilirudi nyuma na kodi ile ikaondolewa.

Mpenzi wa upanga atasema kwamba hayo si mapigano. Na aulizwe: mapigano ya ana kwa ana ni nini, kama si kusimama mbele ya mwenye nguvu zaidi, kwa umbali wa mkono, na kukataa kuondoka? Katika mchezo, kazi ya mpiganaji wa mbele ni kulishikilia eneo ili wengine nyuma yake wasifikiwe. Waliokaa Same waliifanya kazi hiyo hiyo bila kuzungusha chochote. Walihitaji ustahimilivu, kwa maana jua la tambarare si baridi ya Usangi. Walihitaji hekima ya kujua lini pa kunyamaza, kwa maana jiwe moja lililorushwa ovyo lingempa askari kisingizio. Walihitaji haiba ya kuwafanya watu wa milima tofauti wakae pamoja. Karibu kila sifa waliyoihitaji ni ile ambayo mshauri wa mchezo anaitupa kama ganda.

Ipo hoja moja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba mezani kuna mgawanyo wa kazi: mwingine atasema, mwingine atapeleleza, na mpiganaji apige. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kikundi ambacho kila mmoja anafanya kila kitu hakina haja ya kuwa kikundi. Lakini mgawanyo wa kazi si mgawanyo wa utu. Mhunzi hafanyi kazi ya mkulima, wala haachi kusikia anaposemeshwa. Mpiganaji asiyeweza kusikiliza, kubishana wala kushawishi ni lazima aelekezwe nani wa kumpiga, na anayeelekezwa daima nani wa kumpiga ana jina lake la kale: mamluki. Afrika Mashariki imewajua vya kutosha.

Watu wa mwambao na visiwa hawana haja ya kwenda mbali kuutafuta ushahidi. Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka 1913, alikuwa na nguvu ambazo hakuna tarakimu ingezitosheleza. Hata hivyo kifungoni nguvu hizo hazikumtoa. Kilichomtoa ni mama aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa, kijakazi Saada aliyeupeleka, na kelele za ngoma ya gungu zilizofunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Na kilichomwua si jeshi. Ni sindano ya shaba kitovuni, mkononi mwa mwanawe. Waliomsimulia Liyongo walielewa kwamba shujaa huumbwa kwa watu wanaomzunguka, na kwamba udhaifu wake uko humo humo. Ajabu ni kwamba wajukuu wa masimulizi hayo wakaketi mezani na kumwazima shujaa kutoka kwingine, shujaa asiye na mama wala kijakazi wala mwana.

Mpiganaji wa Pare anaweza kuumbwa, na kanuni za mchezo zikabaki zilivyo. Mwaka 2002 Christopher Dolunt alichapisha Nyambe, kitabu kilichoupeleka mchezo huu katika Afrika ya kubuni. Ilidhihirika kwamba kanuni zinahamishika, mradi yupo wa kuzihamisha. Na aanze kwa ustahimilivu, kwa sababu mlima hupandwa kila siku na vita si kila siku. Hekima ifuate, kwa sababu ndiyo inayomwezesha kusikia hatua za mtu ukunguni na kuijua nia ya anayetabasamu. Nguvu ishike nafasi ya tatu, haiba isitupwe. Alama chache za stadi zigawanywe kati ya kukwea, ufundi na ushawishi. Silaha iwe mkuki na ngao. Chini ya karatasi, mahali ambapo hakuna tarakimu, iandikwe nani aliyefua mkuki huo, ndiva ipi inanywesha shamba la mama yake, na nani atalima akiwa hayupo. Kama mhusika ni mwanamke, wa mwaka 1946 wamekwisha kumtangulia.

Kisa chake kinaweza kuwekwa katika zama baada ya mwaka 1862, alipofariki Kimweri ye Nyumbai wa Usambaa, wakati bunduki na biashara ya watumwa zilipozidi kulitikisa bonde la Pangani. Njia za biashara hiyo zilishuka hadi pwani, na pwani ilitazamana na Unguja. Msomaji wa kisiwani hana budi kulikumbuka hilo anapomwuliza mpiganaji wa Pare kwa nini anasimama pale njia inapokuwa nyembamba. Msimulizi akiwaleta wavamizi kutoka tambarareni wakiwa na bunduki, mwenye deraya na upanga atateremka kuwakabili na kufa vizuri. Mwenye mkuki atakuwa amekwisha kuwahamisha watoto usiku, ameshawishi vijiji viwili vilivyogombea maji kushika njia moja, na amejua nani kati ya wazee amepokea kitambaa ili kuwaonyesha wavamizi kivuko. Ndipo atasimama mbele, na dadu itarushwa. Anaweza kushindwa, dadu haina upendeleo. Lakini watakaobaki hai watakuwa na sababu ya kumsimulia.