Uwekezaji si Msaada

Mwaka jana mwalimu wetu wa tafsiri alitupa habari ya gazeti la Kiingereza tuitafsiri kwa Kiswahili. Ilihusu Google kuahidi dola bilioni 1 kwa Afrika. Nilipofika mahali pa neno "uwekezaji", mimi niliandika "msaada". Nusu ya darasa iliandika hivyo hivyo. Mwalimu alitukata alama kwa kalamu nyekundu, nasi tukanung'unika. Leo nakiri kwamba alikuwa na haki. Lakini kosa lile halikuwa letu peke yetu, kwa sababu magazeti ndiyo yaliyotuzoesha kusoma hivyo.

Tuhesabu pamoja. Ahadi hiyo ilitangazwa na Sundar Pichai Oktoba 2021, nayo ilikuwa ya miaka mitano, yaani wastani wa dola milioni 200 kwa mwaka. Mwaka huo huo Alphabet, kampuni mama ya Google, ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 257. Ukigawanya kwa siku 365, unapata kama dola milioni 700 kila siku. Basi fungu la mwaka mzima kwa bara zima ni sawa na mapato ya saa saba hivi. Sijaona kichwa cha habari kilichosema hivyo.

Tena fedha hizo si zawadi. Desemba 2021, SafeBoda, kampuni ya bodaboda iliyozaliwa hapa kwetu Kampala, ilikuwa ya kwanza kunufaika na mfuko wa Google wa dola milioni 50 kwa kampuni changa za Afrika. Nilifurahi, lakini mwenye kutia mtaji hutarajia faida. Kebo ya Umoja iliyotangazwa Mei 2024, itakayopita Uganda, Rwanda na Kongo, itatufaa sana. Itaifaa Google pia, maana kila mtu mpya mtandaoni ni mtazamaji mpya wa matangazo. Matangazo ndiyo shamba lake: mwaka 2021 yaliiletea zaidi ya dola bilioni 209.

Na matangazo hayo ndiyo yaliyokuwa yakilisha magazeti. Gazeti linalosifu kampuni iliyochukua wateja wake ni kama kuku anayemshukuru mwewe kwa kumwachia manyoya.

Wapo watakaosema kwamba mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo anayekuja na fedha asitukanwe. Sisemi atukanwe, nasema aulizwe. Waziri wa fedha akisoma bajeti, waandishi humuuliza fedha zitatoka wapi na zitakwenda wapi. Kwa nini kampuni yenye mapato makubwa kuliko bajeti yetu isiulizwe? Tangu Julai 2023 Uganda inatoza kodi ya 5% kwa kampuni za kigeni zinazouza huduma za kidijitali nchini. Mwandishi anayetangaza ahadi ya mabilioni aulize pia: kampuni hiyo inavuna kiasi gani kwetu, na inaacha kodi kiasi gani?

Wanafunzi wenzangu, sisi ndio watafsiri na waandishi wa kesho. Tusidhani neno moja ni jambo dogo. Anayepewa msaada hushukuru akanyamaza. Anayeletewa uwekezaji ana haki ya kuuliza masharti. Nikipewa habari ile tena, nitaandika "uwekezaji", kisha nitauliza.