Kukata Utepe Hakuamshi Mtoto

Wasee, leo naomba mnivumilie kidogo. Najua wengi mnanifuata kwa stori za matatu na kodi za nyumba, lakini hii imenikaa kifuani tangu mwaka jana na nisipoiandika itanimaliza.

Dadangu alijifungua kabla ya siku zake, wiki 32, katika hospitali moja ya kaunti. Mtoto alikuwa na kilo 1.6. Alilia vizuri, akapelekwa nasari, sisi tukashukuru Mungu na mathe akaanza kupigia watu simu. Usiku wa tatu, saa nane hivi, dadangu alikuwa ameenda kumpelekea maziwa aliyokamua. Akaona mtoto amebadilika rangi, ametulia kupita kiasi. Akaita, "Sista! Sista, huyu mtoto hapumui!"

Sista wa zamu alikuja mbio. Alikuwa peke yake na watoto zaidi ya kumi na tano. Alichukua ule mfuko wa kuminya wanaouita ambu, akaweka barakoa usoni mwa mtoto, akaanza kuminya. Dadangu anasema kifua hakikuinuka hata kidogo. Barakoa ilikuwa kubwa, imefunika mpaka macho, hewa yote inatokea kando. Mikono ya sista ilikuwa inatetemeka. Bahati yetu, sista mwingine alisikia kelele akaja kutoka chumba cha kujifungulia, mama wa makamo. Akabadilisha barakoa, akakiweka kichwa cha mtoto sawa, akaminya polepole. Kifua kikainuka. Baada ya muda rangi ikarudi.

Huyo mtoto leo anatembea akishikilia viti, na rimoti ya tivi hatujui huwa anaificha wapi.

Kwa miezi kadhaa nilimchukia yule sista wa kwanza, sitadanganya. Nilikuwa tayari kumwandika hapa mkamlima vizuri. Halafu dadangu akakutana naye kliniki, wakaongea. Alimwambia hivi: mara ya mwisho kufundishwa kumsaidia mtoto mchanga kupumua ilikuwa chuoni. Na wiki mbili kabla ya ule usiku alikuwa bado wodi ya wanaume. Alihamishwa nasari kwa barua, akapewa zamu ya usiku, basi. Nilipoambiwa hayo nilinyamaza. Kumbe nilikuwa nakasirikia mtu asiye mkubwa wa hayo makosa.

Sasa tuongee namba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 unasema kati ya watoto 1000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Ule wa 2014 ulisema 22. Yaani miaka minane, tumepunguza mtoto mmoja. Wakati huohuo vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 52 hadi 41. Chanjo na vyandarua vimefanya kazi yake. Lakini sasa zaidi ya nusu ya vifo vyote vya watoto wadogo ni vya huo mwezi wa kwanza, na hapo ndipo tumekwama. Lengo la dunia ni kufika 12 au chini yake kufikia 2030. Hesabu mwenyewe miaka iliyobaki.

Na si ati kumsaidia mtoto kupumua ni uchawi. Wengi wanaozaliwa bila kupumua huamka wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wakikataa, wahudumu hufundishwa kwamba hewa inafaa kuanza kuingia ndani ya dakika ya kwanza, ile wanayoiita dakika ya dhahabu. Kule nasari ni tofauti kidogo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake anaweza kuacha kupumua hata siku kadhaa baadaye, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi haijakomaa. Hapo monita italia, sawa. Lakini monita ikishalia imemaliza kazi yake. Kinachobaki ni mkono wa mtu: barakoa ya saizi gani, kichwa kimekaaje, kifua kinainuka ama hakiinuki. Mkono huo unahitaji mazoezi, vile tu golikipa anahitaji.

Ndio maana nikiona picha ya mkubwa fulani anakata utepe kufungua mashine mpya, nafurahi nusu. Mashine tunazihitaji, nasari zetu zina watoto wawili wawili kwa kitanda. Lakini sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa sababu masista wamefanya mazoezi kila wiki mwaka mzima. Hiyo haina picha.

Mtaniambia mafunzo yapo. Ni kweli, na yanasaidia. Utafiti uliofanywa Pumwani na kuchapishwa 2008 ulionyesha kwamba wahudumu waliofundishwa siku moja walifanya hatua za kwanza sawasawa kwa asilimia 66, wale ambao hawajafundishwa asilimia 27. Tofauti kubwa hiyo. Shida ni kwamba ukifundishwa mara moja, inaisha. Jirani zetu Tanzania waliligundua hilo katika hospitali ya Haydom, mkoa wa Manyara. Walifanya kozi ya siku moja, wahudumu wakawa wazuri sana kwa doli. Kwa watoto halisi, karibu hakuna kilichobadilika. Wakajaribu kitu kingine: mazoezi ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, palepale wodini, kwa doli lililowekwa karibu. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1000. Baadaye mpango wa namna hiyo, pamoja na vifaa vingine, ukapelekwa hospitali 30 za mikoa mitano Tanzania. Matokeo yalitoka 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za kwanza vilipungua kwa asilimia 18.

Dakika tano, manze. Muda wa kungoja chai ipoe.

Najua kuna sista anasoma hii akisema, "Dakika tano nitazitoa wapi na niko peke yangu?" Dada yangu, uko sahihi, na sitaki mtu atumie haya maneno yangu kukuongezea kazi. Kaunti lazima iajiri. Mtu mmoja kwa watoto kumi na tano wagonjwa ni makosa hata kama huyo mtu amefundishwa vipi. Lakini kuajiri bila mazoezi kutatupa watu wawili wanaotetemeka badala ya mmoja.

Kwa hivyo naomba vitu vinne tu. Kila nasari iwe na doli na ambu ya mazoezi, na kila zamu ishike, hasa ya usiku. Barakoa za saizi zote zikaguliwe kila zamu inapoanza. Mtu aliyezoea nasari asihamishwe ovyo, na anayeletwa asiachwe peke yake kabla hajapimwa. Na baada ya kila dharura watu wakae chini waulizane nini kilienda sawa na nini hakikuenda, bila kutafuta wa kufutwa.

Sisi tutafanya nini? Afya iko mikononi mwa kaunti, Katiba ya 2010 imesema. Kila mwaka kaunti huita wananchi watoe maoni ya bajeti, na vile viti huwa vimejaa wazee na wafanyakazi wa kaunti wenyewe. 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, kwa hivyo usiniambie hatuwezi kusoma bajeti ya kaunti. Nenda uulize swali moja: pesa za mafunzo ya nasari ziko ukurasa gani? Wakikosa jibu, liandikwe kwamba wamekosa.

Mimi nitaenda ya kaunti yetu. Dadangu amesema tutaenda na mtoto.